Voltimita ya mjomba: kutoka sindano hadi tarakimu

Leo naweka PHP kando nashika waya, kwa hiyo wale mnaokuja hapa kwa ajili ya kodi mnivumilie.

Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kuchaji betri za gari mjini Migori. Watu walizileta kutoka vijijini kwa baiskeli, maana ndizo zilizowasha redio na TV. Ugomvi ulikuwa ule ule kila wiki: "Betri imezima katikati ya habari, hukuijaza!" Mjomba anaapa aliijaza. Mwamuzi wao alikuwa mita ya sindano yenye kioo kilichopasuka. Sasa, betri ya asidi iliyojaa na kutulia huwa na karibu volti 12.7; ikishuka hadi 12.0 imebaki kama robo tu. Kwenye mita inayoanzia 0 hadi 30, tofauti hiyo ni upana wa punje ya mchele. Mteja akisimama kushoto anasoma yake, mjomba akisimama kulia anasoma yake.

Sindano ile ina asili ya Ufaransa, kwenye kazi ya d'Arsonval ya mwaka 1882: koili ndani ya sumaku, basi. Tarakimu zilikuja baadaye sana. Mwaka 1952 Mmarekani Andrew Kay alianzisha Non-Linear Systems kule California na kutengeneza voltimita ya dijitali. Ndani yake swichi zilikuwa zikiruka na kugonga mpaka namba ipatikane! (Huyu Kay ndiye baadaye, mwaka 1982, aliyeuza kompyuta za Kaypro. Watu wa kompyuta na watu wa waya ni ukoo mmoja.) Mwishoni mwa miaka ya 1970 Intersil walibana kazi yote hiyo kwenye chipu moja ya miguu 40: ICL7106 ya kioo cha LCD, na ICL7107 ya taa za LED.

Inavyofanya kazi ni kama ndoo. Kapasita inajazwa na volti unayopima kwa muda maalumu, hesabu 1000. Kisha inamwagwa kwa kasi inayojulikana, huku chipu ikihesabu mpaka iishe. Volti kubwa, hesabu ndefu. Mwisho ni 1999. Mimi niliigawa volti ya betri kwa 100 kwa rezista mbili, nikawasha nukta baada ya tarakimu ya pili: milivolti 126.8 zikasomeka 12.68.

Niliijenga Homa Bay, nyumbani, kwa kufuata mchoro wa kiwandani. Nikaiunganisha kwenye betri iliyokuwa ikichajiwa na stima, namba zikaanza kucheza: 12.9, 13.4, 13.1. Siku mbili nilibadilisha kila kitu isipokuwa kosa lenyewe. Kumbe ule mchoro una saa ya kilohezi 48, hivyo ndoo hujazwa kwa milisekunde 83.3, yaani mizunguko 5 kamili ya stima ya Marekani ya hezi 60. Mtetemo unajifuta wenyewe. Stima yetu ni hezi 50! Mizunguko 4 na kipande, na hicho kipande ndicho kilichokuwa kikinicheka. Nilitoa rezista ya kiloomu 100 nikaweka ya 120, saa ikashuka karibu na kilohezi 40. Sasa ndoo hujazwa kwa milisekunde 100, mizunguko 5 ya kwetu na 6 ya kwao. Namba zikatulia.

Biashara hii ya kuuziana chaji haikuwa ya mjomba peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, hapo hapo ziwani, ambako wavuvi wa omena walikodi taa na betri zilizochajiwa kwa sola badala ya kununua mafuta ya karabai. Mvuvi akizimikiwa usiku wa manane ziwani, hasara yake si taarifa ya habari, ni samaki wa usiku mzima.

Mita niliipeleka Migori. Onyo moja nililompa mjomba: betri ikitoka tu kwenye chaja hudanganya, husoma juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo huipima mara mbili, mteja akiwa amesimama pale pale. Ya kwanza ikitoka, ya pili baada ya chai.