Chekechea Zetu: Tulikotoka na Tunakotaka Kwenda

Tunapoadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu hapa Endasak, tumeona vema kijitabu hiki kisibebe hesabu za hisa peke yake. Kuna swali ambalo wanachama wamekuwa wakiuliza vikao vingi sasa: je, chekechea ni biashara ya kukopeshwa fedha zetu, au ni mzigo? Kabla ya kupiga kura, tuitazame historia.

Zamani za vijiji

Baada ya Uhuru, malezi ya pamoja ya watoto wadogo yalikuwa ni jambo la kijiji. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), ulioundwa mwaka 1962, ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana ili mama apate nafasi ya kushika jembe. Mwaka 1981, sisi tukiwa bado Mkoa wa Arusha, ikatungwa sheria ya vituo hivyo. Udhaifu ulikuwa mmoja: kituo kilichotegemea mchango wa kijiji kiliyumba mavuno yalipoyumba. Mlezi asipopata chochote, atafanyaje? Anarudi shambani kwake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, kwa watoto wa miaka 5 na 6. Watu binafsi na mashirika nao wakahimizwa kufungua shule. Kisha, tangu Januari 2016, darasa la awali katika shule za serikali halina ada. Tunashukuru sana kwa hilo. Lakini mtoto wa miaka 3 bado yuko mgongoni, au anaachiwa dada yake ambaye naye angepaswa kuwa shuleni.

Mtoto aongoze

Siku hizi tunasikia habari ya shule ambazo mtoto ndiye anaongoza. Si jambo jipya. Tarehe 6 Januari 1907, Dk. Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wenye majengo walitaka tu watoto wasiharibu kuta wazazi wakiwa kazini! Yeye akaona kwamba mtoto akipewa kazi ya kipimo chake, huichagua na kuirudia kwa utulivu. Hapa Tanzania walimu wa njia hiyo wamefundishwa Msimbazi, Dar es Salaam, na Lushoto pia.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na Reggio Emilia, Italia, waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakajenga shule ya watoto kwa mikono yao. Wao mtaji ulitoka kwenye mabaki ya vita. Sisi wetu umo kwenye sanduku la kufuli tatu.

Jamani, kumwacha mtoto aongoze si kumwacha ovyo. Mwalimu hupanga vifaa, huonyesha mara moja, kisha hukaa pembeni akitazama. Vifaa vyenyewe tunavyo: kumimina maharage, kuchambua mbaazi, kuhesabu vifuniko vya soda, kufinyanga udongo.

Upande wa biashara

Hapa ndipo penye kazi. Mwalimu anataka mshahara kila mwezi, na uji unapikwa kila siku, lakini fedha zetu huja tukishauza mahindi, mbaazi au vitunguu. Tuchukue mfano: watoto 30 wakilipa shilingi 15,000 kwa mwezi ni shilingi 450,000. Wakilipa 20 tu, ni shilingi 300,000. Mwalimu atalipwa, sufuria itabaki tupu. Ndilo tatizo lile lile la vituo vya zamani, limevaa nguo mpya.

Tofauti ni kwamba sasa tuna kikundi. Mzazi anaweza kuweka ada kidogo kidogo kila wiki, kuanzia mavuno, ili mwezi wa pili usimkute mikono mitupu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, anayetaka mkopo aanze na usajili: kituo cha kulelea watoto kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, shule ya awali kupitia elimu. Pili, mkopo wake usiwe wa miezi mitatu kama wa genge, maana shule hairudishi fedha haraka. Tatu, mfuko wa jamii usiguswe kabisa. Ule ni wa misiba na magonjwa.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanachama, njooni mkutano mkuu na hoja zenu, za kukubali na za kukataa. Fedha ni zetu, na watoto ni wetu.