Mwalimu wa Kuimba na Kioo cha Koo

Historia ya tiba ya sauti huandikwa mara nyingi kana kwamba ni sura moja tu ya historia ya udaktari. Huanza na kioo kidogo chenye mpini mrefu, hupita katika chumba cha upasuaji, na hukomea kwenye kamera nyembamba ipitishwayo puani. Masimulizi hayo si ya uongo, walakini yana upungufu mkubwa, kwa kuwa humsahau mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba elimu hii ilikuwa na wazazi wawili tangu mwanzo, yaani daktari na mwalimu wa sauti, na kwamba kila mmoja alipomdharau mwenziwe aliyeumia alikuwa mgonjwa.

Kwanza yapasa kueleza kwa maneno machache sauti yenyewe hutokeaje. Ndani ya zoloto mna kile tukiitacho nyuzi za sauti. Jina hili lapotosha kidogo, maana hazifanani na nyuzi za zeze. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, ambayo hufunguka tunapovuta pumzi na kukutana tunaposema. Pumzi itokayo mapafuni huisukuma, nayo hutikisika zaidi ya mara 100 kwa sekunde katika koo la mwanamume, na yapata mara 200 katika koo la mwanamke. Kiswahili kina usemi mzuri kwa mtu ambaye sauti yake imekauka: husemwa kwamba amepwelewa na sauti. Chombo hupwelewa maji yakipwa na kukiacha juu ya mchanga. Chombo hicho hakikuvunjika. Kimekosa kile kilichokuwa kikikichukua. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyolieleza jambo hili kwa ufupi namna hiyo, kwani hali nyingi za kukauka sauti ndivyo zilivyo: nyuzi zipo nzima, lakini pumzi na nguvu ya misuli havipatani.

Mwaka 1841 binti wa Kiswidi aitwaye Jenny Lind, mwenye umri wa miaka 20, alifika Paris kumwona Manuel García, mwalimu wa kuimba. Binti huyu alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwao, lakini kwa kuimba mno na kwa njia isiyofaa sauti yake ilikuwa imechakaa. García alimsikiliza, akaona kwamba hapakuwa na sauti ya kufundishwa. Akampa sharti: kwa muda wa wiki sita asiimbe kabisa, na kusema aseme kwa uchache, baada ya hapo arudi. Binti akatii, akarudi, akafundishwa upya namna ya kuvuta pumzi na ya kuanza sauti pasipo kuilazimisha. Miaka michache baadaye alikuwa mwimbaji mashuhuri kupita wengi katika Ulaya, na mwaka 1850 alivuka bahari kwenda kuimba Marekani.

Msomaji azingatie yaliyomo katika habari hii. Uchunguzi ulifanywa kwa sikio. Agizo la kwanza lilikuwa kimya. Tiba ilikuwa mafunzo. Hakuna aliyetazama ndani ya koo la binti yule, kwa sababu hapakuwa bado na njia iliyofaa ya kutazama koo la mtu aliye hai. Daktari Benjamin Babington wa London alikuwa amejaribu chombo cha vioo mwaka 1829, lakini jaribio lake halikuenea. Hata hivyo mambo matatu aliyoyafanya García ndiyo yaliyo msingi wa kazi ya mtaalamu wa tiba ya sauti hata leo.

García mwenyewe alikuwa na sababu ya kuyajua maumivu haya. Alizaliwa mwaka 1805 katika ukoo wa waimbaji wa Kihispania. Baba yake alikuwa na jina kubwa, na dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walipata utukufu wa jukwaani. Yeye sauti yake iliharibika angali kijana. Akaacha jukwaa, akafanya kazi kwa muda katika hospitali za jeshi la Ufaransa, na huko akajifunza umbo la koo. Kwa miaka mingi baadaye alitamani kitu kimoja, kuliona zoloto likifanya kazi yake. Mnamo Septemba 1854, alipokuwa matembezini mjini Paris, mwanga wa jua uliomulika kiooni ulimpa wazo. Alikwenda kwa Charrière, mtengenezaji wa vyombo vya tiba, akanunua kwa faranga 6 kioo kidogo cha daktari wa meno. Alikipasha moto katika maji ili kisiingie ukungu wa pumzi, akakikausha, akakiweka nyuma ya kinywa penye kilimi, na kwa kioo kingine cha mkononi akaelekeza jua ndani. Zoloto lake likaonekana mbele ya macho yake, limefunguka wazi. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society mjini London. Humo alionyesha kwamba sauti hutoka katika nyuzi mbili za chini peke yake, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakibishania.

Madaktari hawakuijali sana habari hiyo, na labda haishangazi, kwani iliyatoka kwa mwalimu wa kuimba maneno yaliyohusu mwili. Ilipofika 1857 na 1858, Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak wa Pest walikitwaa kioo kwa ajili ya wagonjwa. Türck alitegemea jua, na majira ya baridi yakamzuia. Czermak aliazima vioo vyake, akatumia taa. Wakagombana vikali juu ya nani atangulie kuhesabiwa. Ugomvi huo nauacha. Lililo muhimu ni kwamba kuanzia hapo koo likawa mali ya daktari, na mwalimu akarudi darasani kwake.

Faida ya kioo ilikuwa kubwa, na mwenye kuikana atakuwa hana haki. Sikio peke yake haliwezi kutenga sauti iliyochoka na sauti iliyoingiliwa na saratani. Lakini jicho nalo hudanganyika. Mnamo Januari 1887 Friedrich, mrithi wa kiti cha enzi cha Udachi, alikauka sauti. Profesa Gerhardt wa Berlin aliona uvimbe mdogo juu ya uzi wa kushoto, akajaribu kuuondoa kwa waya na kwa kuuchoma. Mwezi wa Mei aliitwa Morell Mackenzie wa London, bingwa wa kioo cha koo. Bergmann, daktari wa upasuaji, alikuwa tayari kulipasua zoloto. Mackenzie alikata vipande vidogo, Rudolf Virchow akavipima, asione saratani. Upasuaji ukaachwa. Mnamo Novemba, huko San Remo, ilikubaliwa kwamba ni saratani. Februari 1888 alitobolewa shingo apate kupumua, na sauti ikamtoka moja kwa moja. Mwezi wa Machi akawa Kaisari, akatawala siku 99 akiandika amri na haja zake katika vipande vya karatasi, akafa tarehe 15 Juni. Ndani ya siku hizo za ububu, Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba ulioipa kampuni ya Kidachi utawala wa pwani ya Mrima. Madaktari wa nchi mbili waliendelea kutukanana vitabuni hata baada ya maziko.

Kurudi kwa mwalimu kulikuja polepole, na kulianzia kwa madaktari wenyewe waliochoshwa na koo ambalo kioo kilisema ni zima ilhali mwenyewe hawezi kusema. Mjini Berlin Hermann Gutzmann alilifanya jambo hili kuwa somo la chuo kikuu mwaka 1905. Emil Froeschels wa Vienna aliongoza kuundwa kwa chama cha kimataifa cha wataalamu wa usemi na sauti mwaka 1924. Na mwaka uliofuata Wamarekani wakaunda chao. Froeschels aliwaagiza wagonjwa watafune kama mtu anayekula huku wakitoa sauti, akidai kwamba misuli ile ile hutumika na kwamba hakuna atafunaye kwa kujikaza. Waliocheka walikuwa wengi, lakini mbinu yake ilidumu. Mfini Antti Sovijärvi naye, katika miaka ya 1960, aliwapa wagonjwa mrija wa kioo, ncha moja kinywani na nyingine ndani ya maji, wavumishe sauti kupitia humo. Msukumo unaorudi kutoka majini huzifanya nyuzi zitikisike pasipo kugongana kwa nguvu. Siku hizi mrija wa kawaida wa kunywea hutumika vivyo hivyo.

Uchunguzi wa leo huwaunganisha wazazi wote wawili. Mtaalamu husikiliza kwanza, na kusikiliza kwake kumewekewa kipimo: Mjapani Minoru Hirano alieneza mwaka 1981 utaratibu wa kuipa sauti alama kuanzia 0 hadi 3, kwa kukwaruza kwake, kwa pumzi ivujayo, kwa unyonge na kwa kukaza. Humtaka mgonjwa aivute sauti ya “a” kwa pumzi moja, ahesabu sekunde. Huuliza kazi yake, maana walimu na wahubiri huja kwa wingi. Lakini hatakiwi kuanza mazoezi kabla zoloto halijatazamwa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2018 wataka sauti isiyopata nafuu katika wiki 4 itazamiwe chanzo chake. Taa imwekayo kwa kufumba na kufumbua, ambayo Oertel wa München aliianzisha mwaka 1878, huufanya mtikisiko wa nyuzi uonekane kama kwamba unakwenda taratibu.

Mfano mkubwa kuliko yote wahusu pumzi wala si sauti. Mwaka 1983 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa watano waliokuwa wakitibiwa pumu isiyosikia dawa. Walipotazamwa wakati wa kubanwa, mapafu hayakuwa na hatia: nyuzi za sauti ndizo zilizokuwa zikijifunga wakati zilipopasa kufunguka. Wagonjwa hawakujua kwamba zafanya hivyo, wala hawakuweza kuziamuru zifanye hivyo. Robley Dunglison alikuwa ameigusia hali ya namna hii mwaka 1842, na Mackenzie yule yule aliiona kwa kioo mwaka 1869. Lakini kwa kuwa waliiita kichaa cha wanawake, yaani walimlaumu mgonjwa, elimu hiyo ililala zaidi ya miaka mia. Gharama ya usingizi huo ilikuwa miili iliyojazwa dawa kali za ugonjwa ambao haikuwa nao.

Wale watano walipona kwa mtaalamu wa usemi pamoja na ushauri wa nafsi. Mafunzo yenyewe ni mepesi kuyasimulia: mgonjwa hufundishwa kushusha pumzi tumboni, kulegeza ulimi na shingo, kunusa hewa kwa haraka kupitia puani, maana tendo hilo huzifungua nyuzi, na kuitoa taratibu kati ya midomo iliyokaribiana. Hurudia kila siku akiwa mzima, ili mwili uyakumbuke atakapobanwa. Ugumu ni kumtambua. Mtaalamu huuliza: kubanwa kwako ni kooni au kifuani? Mlio hutokea uvutapo pumzi au uitoapo? Huja kwa ghafula na kuondoka kwa ghafula? Jambo lazidi kutatanisha kwa kuwa wapo walio na pumu ya kweli na hali hii pamoja.

Wanariadha vijana ni wengi miongoni mwa wagonjwa hao, nao hubanwa wakimbiapo tu. Wakifika kwa daktari wametulia, koo ni zima. Kwa sababu hiyo watafiti wa Bergen, Norwei, walieleza mwaka 2006 namna ya kumfunga mkimbiaji kamera puani akiwa juu ya mashine ya kukimbilia. Huko Denver wameongeza jambo moja: mgonjwa huliona koo lake mwenyewe katika skrini huku akikimbia, na mwalimu amesimama kando yake akimwambia namna ya kuvuta pumzi.