Binti Mfalme wa Toro katika Filamu ya Sheena

Nyumbani Walukuba, Jinja, tuliitazama Sheena (1984) tukicheka: punda milia wake ni farasi aliyepakwa rangi! Ilipigwa Kenya, na ikateuliwa mara 5 kuwania Razzie, tuzo za filamu mbovu za Marekani. Mapenzi ya Sheena na mwanahabari, sitayatetea. Linaloniudhi ni jingine. Mganga anayemlea yatima wa Kizungu mpaka awe malkia wa msitu wa Afrika aliigizwa na Elizabeth wa Toro, binti mfalme wa kweli, mwanasheria, na waziri wetu wa mambo ya nje mwaka 1974. Kwenye filamu anamwachia Mzungu nguvu zake, kisha anakufa. Mwaka 1986 alikuwa balozi wa Uganda nchini Marekani.