Nani Mrefu Kuliko Nani? Historia ya Maswali ya Mpangilio

Miongoni mwa maswali ya kupima fikira yako yale yanayomtaka mtahiniwa awapange watu kwa mfuatano: nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani yuko katikati. Maswali hayo hudhaniwa kuwa ni ya mantiki tupu, yasiyohusiana na lugha. Historia yake haiungi mkono dhana hiyo.

Mwingereza Cyril Burt aliyatumia kuwapima watoto wa shule mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1920 kijana wa Kiswisi, Jean Piaget, alipewa kazi mjini Paris ya kuyasanifisha majaribio ya Burt kwa watoto wa Kifaransa. Kazi yenyewe hakuifurahia. Kilichomvuta ni makosa ya watoto. Swali moja lilikuwa la wasichana watatu: Edith ana nywele za rangi nyepesi kuliko Suzanne, lakini ana nywele za rangi nzito kuliko Lili. Nani mwenye nywele nzito zaidi kwa rangi? Jibu ni Suzanne. Watoto wengi walimtaja Lili.

Piaget aligundua kwamba makosa hayo yalikuwa na utaratibu wake. Mtoto aliposikia sentensi ya kwanza, alifahamu kuwa Edith na Suzanne wote wawili wana rangi nyepesi. Aliposikia ya pili, kuwa Edith na Lili wote wana rangi nzito. Basi Edith, mwenye sifa zote mbili, akawekwa katikati, na wenzake wakabadilishana nafasi. Uhusiano uligeuzwa kuwa sifa.

(Hapa yafaa kutaja kwamba mfasiri atakayeandika “nywele nyeupe” atakuwa amewageuza wasichana hao kuwa vikongwe wenye mvi.)

Utafiti wa baadaye uliendelea kuielekea lugha. Mwaka 1965 Clinton De Soto na wenzake wawili walieleza kwamba watu huwapanga wanaolinganishwa katika mstari wa fikirani, aghalabu kuanzia juu kwenda chini. Mwaka 1969 Herbert Clark alishikilia kuwa ugumu mwingi umo katika maneno yenyewe: “bora” huchukuliwa wepesi kuliko “mbaya”. Kiswahili nacho kina jambo hilo. Ukiuliza urefu wa mtu, hujasema kuwa ni mrefu. Ukiuliza ufupi wake, umekwisha kumhukumu.

Kwa maoni yangu, mtego alioueleza Piaget ni mkubwa zaidi kwetu. Kivumishi chetu hakibadiliki umbo katika ulinganishi: “Asha ni mrefu” na “Asha ni mrefu kuliko Rehema” zina neno “mrefu” lile lile. Mtoto akidhani Rehema naye ni mrefu, je, amekosa mantiki au amefuata neno alilolisikia? Sentensi “Asha amemzidi Rehema kwa kimo” hutaja kipimo bila kumpa yeyote sifa, na kwa sababu hiyo ningependa itumike katika majaribio ya watoto wadogo.

Istilahi za nafasi nazo zahitaji uangalifu. Rasimu moja niliyopata kuisoma ilitumia “nafasi”, “cheo” na “daraja” kwa maana moja. Lakini daraja la kwanza katika mitihani yetu huwakusanya watahiniwa wengi, hali nafasi ya kwanza, pasipo sare, ni ya mmoja. Na cheo ni cha kazi. Tuchukue mwanafunzi aliye wa 7 kutoka juu na wa 12 kutoka chini: darasa lina wanafunzi 18, si 19, kwa kuwa yeye mwenyewe amehesabiwa mara mbili. Lakini ikiandikwa kwamba “nyuma yake wako 12”, yeye hamo katika hesabu hiyo, na jumla huwa 19. Rasimu ile ilichanganya semi hizo mbili katika swali moja, na ufunguo wa majibu ulikubali 18 peke yake.