Ugomvi wa Milimita Moja

Ukiwasikia wapenzi wa bunduki za hewa wakibishana utadhani ni Simba na Yanga. Huyu 4.5, yule 5.5. Hizo ni milimita za kipenyo cha risasi, na tofauti yenyewe ni milimita moja! Mimi nasema huo si ugomvi wa ladha. Umeletwa na historia, na anayelipia mara nyingi ni sungura.

Zamani mabishano hayo yasingekuwepo. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya hewa ya fundi Girandoni, silaha ya vita hasa. Ilibeba risasi 20 za mviringo, kila moja kama milimita 12. Hakuna moshi, hakuna baruti. Lakini wapi! Mtungi wake ulijazwa kwa pampu ya mkono, mara 1,500 hivi, na ukivuja basi askari kabaki na rungu. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi likaachana nayo.

Hewa ikarudi kwa umbo dogo, mikononi mwa raia. Mwaka 1905 kiwanda cha BSA, Birmingham, kilianza kuunda bunduki ya springi ya Lincoln Jeffries. Halafu mwaka 1969 serikali ya Uingereza ikaweka mpaka: bunduki ya hewa ikizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, inahitaji cheti.

Hapo ndipo penye kiini. Nguvu ikishafungwa, unachochagua ni namna ya kuitumia. Nimepiga hesabu: kwa jouli 16, risasi ya 4.5 yenye nusu gramu hutoka na mwendo wa kama mita 250 kwa sekunde, ya 5.5 yenye gramu moja, kama 180. Ya kwanza hunyooka, ya pili huinama mapema.

Kwenye shabaha mambo yalikwisha. Tangu Olimpiki ya Los Angeles, 1984, mashindano ya mita 10 ni ya 4.5. Tundu pana lingegusa duara la alama kirahisi zaidi, kwa hiyo wote sawa. Karatasi nayo haiumii.

Sungura anaumia. Wawindaji wengi wa Uingereza humpigia 5.5, ati inampa kishindo. Sawa, ikimpata. Ila kwa mwinamo ule, ukikadiria umbali vibaya kwa mita chache tu, ulilenga ubongo, umevunja taya. Naye anaingia shimoni kufa taratibu, hakuna anayemwona. Wenzangu wa 5.5 wanisamehe, hata porini mimi ningeshika 4.5. Watanijibu kwamba risasi nyembamba hutoboa ikapita, mnyama akakimbia na jeraha. Kweli, akipigwa kifuani. Kifua ningekiacha.