Vita Moja, Malipo Mawili

Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasomesha Wamarekani waliotumikia jeshi: ada hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho. Wengi waliitumia kusomea urubani, ingawa askari Weusi mara nyingi walifungiwa milango.

Babu yangu, Mnyiha wa Mbozi, alikuwa katika vita hiyohiyo, Burma, na King's African Rifles. Aliondoka akiwa mchunga ng'ombe, akarudi dereva wa lori. Udereva ndiyo elimu aliyotoka nayo jeshini, ukamlisha katika barabara ya Tunduma hadi uzeeni. Ya kumsomesha zaidi, serikali ya mkoloni haikumwekea sheria.

Urubani wa kijeshi ulitufikia baada ya uhuru, nao ukafuata siasa. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilianza kufundisha kikosi chetu cha anga; mwaka 1965 ikaondoka, imekasirishwa na uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Kanada ikachukua kazi hiyo.

Mmarekani alirushwa na haki yake. Mtanzania alingoja wakubwa wapatane.