Sherehe ya Mfalme Asiyekuwapo

Aghalabu mshairi husifu karamu ambayo hakuila. Masikio yake ndiyo yaliyohudhuria, na beti zikatungika. Johann Melchior Dinglinger, sonara wa mji wa Dresden nchini Ujerumani, alifanya vivyo hivyo kwa dhahabu. Kati ya mwaka 1701 na 1708, akisaidiwa na nduguze wawili, aliunda baraza zima la Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal ya Bara Hindi, katika sikukuu ya kuzaliwa kwake. Ni sanamu ndogo zaidi ya 130: mawaziri, walinzi, tembo, ngamia na machela, wote wakielekea kwenye kiti cha enzi na zawadi zao, na almasi zipatazo 5,000 zikimeremeta kati yao.

Dinglinger hakufika Delhi. Alitegemea vitabu vya wasafiri wa Kifaransa, Bernier na Tavernier, waliozishuhudia fahari hizo katika miaka ya 1660. Humo alisoma jinsi mfalme alivyoketishwa kwenye mizani na kupimwa kwa vitu vya thamani. Mila hiyo si ngeni kwetu pwani: Dar es Salaam nayo iliona mizani ya namna hiyo mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa kwa almasi.

Lakini tazama, ndugu msomaji, yaliyokuwa yakipita huko Bara Hindi. Kufikia mwaka 1670 Aurangzeb mwenyewe alikwisha kuiacha mizani ile, akiona haiafikiani na dini yake. Tangu 1681 alihamia Dekani vitani, asirudi tena Delhi. Alifariki mwaka 1707, sonara akiwa bado kazini, akazikwa Khuldabad katika kaburi la udongo lililo wazi chini ya mbingu.

Basi sherehe ile ilikuwa ya nani? Aliyeinunua ni Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Mwaka 1706 Wasweden walimlazimisha kulivua taji la Poland, na hakulirudisha hadi 1709. Kazi ilipokamilika, basi, mnunuzi alikuwa mfalme asiye na ufalme, akiutazama umati mdogo wa dhahabu unaomsujudia mfalme mwingine, ambaye naye keshakuwa mchanga. Baadaye aliifungua hazina yake, Grünes Gewölbe, kwa wageni, ili wengine nao watazame.

Sanamu zile zingalipo Dresden hadi leo, na watu huzizunguka wakidhani wanaiona Delhi. Wanachokiona hasa ni kiu ya utukufu ya mtu wa Ulaya, iliyovishwa kilemba cha Kihindi. Hilo haliipunguzii kazi uzuri wake. Latutaka tu, mbele ya kila sherehe iliyoundwa upya ili ionyeshwe, tuulize mambo mawili: nani aliyeihadithia, na nani aliyeilipia.